Buji Niliyompikia Kambo Mapalo

Tarehe 5 Novemba, siku ya pili, yaani Jumanne

Mvua ya kwanza imeshuka leo alasiri, na asubuhi nilikuwa nimenunua daftari hili. Nataka kuandika humu mambo ya kungumanga tu, ile ambayo hapa Lubumbashi tunaiita muskade. Désiré, mume wangu, anasema mtu mzima anayenunua daftari kwa ajili ya kokwa ana nafasi nyingi sana. Acha acheke. Wamama wa jumuiya yetu hapa Hewa Bora wananiita docteur. Yeye nani anamwita hivyo?

Basi niandike. Kidogo kwenye unga wa beignets, maandazi ninayouza, harufu yake inawaita watu toka barabarani. Kwenye purée, yaani viazi vya kuponda, kama masista walivyotufundisha shuleni. Kwenye kabeji ya maziwa. Kwenye buji, uji wa mahindi na karanga, ikishatoka motoni, maana ikichemka nayo inakuwa chungu. Kwa tumbo lenye gesi, unga kidogo sana kwenye maji ya moto na tangawizi. Kwa magoti, kupaka pamoja na mawese. Kwa usingizi, kwenye maziwa ya moto. Haya ya dawa mengine niliyasikia kwa shangazi yangu, mengine niliyatoa kwenye simu, na mengine, niseme kweli kwa sababu hakuna atakayesoma, niliyaongeza mwenyewe kwa kuwa yalisikika vizuri.

Tarehe 9 Novemba

Mvua. Beignets zimekwisha mapema.

Tarehe 14 Novemba

Leo nimepata mgonjwa mpya. Ni Kambo Mapalo, yaani bibi Mapalo, mama yake Casimir, jirani yetu wa upande wa ukuta wa matofali. Casimir alimtoa Kilwa, ya huku kwetu, si ile ya pwani, miaka miwili iliyopita baada ya kumzika baba yake. Casimir mwenyewe anafanya kazi mgodini, anakaa huko wiki mbili na kurudi wiki moja, kwa hiyo mama mzee anakaa na mkwe wake Plamedie na wajukuu. Anasema tangu mume wake afe hajalala usingizi wa kweli. Nilimpa unga wa muskade, wa kushika kwa vidole viwili tu, nikamwambia atie kwenye maziwa. Alinishukuru kwa mikono miwili kama vile nimempa mbuzi.

Tarehe 18 Novemba

Kwenye bomba la maji, mbele ya wamama sita, Kambo Mapalo ameniambia: “Docteur, dawa yako iko inanukia muzuri, lakini haiko inalalisha.” Wakacheka wote. Yeye ni mtu wa mizaha, hana ubaya. Mimi pia nilicheka, lakini nilirudi nyumbani na ndoo nusu, na njiani sikumsalimia mtu.

Tarehe 19 Novemba

Nimefanya jambo la kijinga. Naandika polepole ili nisijifiche.

Asubuhi nilimpikia Kambo buji mwenyewe. Sikutia ya vidole viwili. Nilisaga kokwa nzima nzima, zaidi ya moja, nikafunika uchungu kwa sukari na karanga. Moyoni nilikuwa nasema, leo utalala, na kesho utasema kwenye bomba. Nilimpelekea kikombe kikubwa kupitia mlango wa nyuma. Alikunywa chote akasifu karanga.

Adhuhuri nilichungulia. Alikuwa anachambua maharage, macho yako wazi. Akasema: “Mutoto yangu, bado.” Nikamletea kikombe cha pili, na kopo dogo la unga nikamwachia, nikamwambia aendelee mwenyewe siku nyingine.

Sikujua kwamba kungumanga inachelewa. Inakaa tumboni saa nyingi kama mgeni aliyekaa kimya, kisha inaamka. Alasiri nilisikia Plamedie anaita juu ya ukuta. Nilimkuta Kambo amekaa chini, uso umewaka, midomo imekauka mpaka inashikana, moyo unamkimbia hadi nguo inatikisika kifuani. Alikuwa anafukuza kuku ambao hawakuwepo. Kisha akaanza kuongea Kibemba na mtu pembeni yake, kwa upole, na Plamedie akaniambia kwamba lile jina analolitaja ni la marehemu mume wake.

Tulimpeleka zahanati kwa pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nikimshika. Muuguzi alipima presha, akamtundikia dripu ya serum, akauliza mgonjwa amekula nini. Plamedie, aliyetufuata kwa miguu, akajibu: “Buji tu.” Muuguzi akaniangalia mimi pia. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili. Niliinama nikapanga viatu vya Kambo chini ya kitanda.

Tarehe 21 Novemba

Amerudi nyumbani. Amedhoofika, lakini anaongea vizuri na amemuuliza Kiki, mjukuu wake, kama kuku wamelala. Nimemwambia tuache muskade kidogo kwa sababu ya joto. Sikueleza. Na kopo sikuliomba, maana kuliomba ni kueleza.

Tarehe 3 Desemba

Nimesoma kwenye simu. Yote yameandikwa: kinywa kukauka, moyo kukimbia, kuona vitu, siku moja au mbili. Kumbe ilikuwa hapo siku zote, chini kidogo ya mahali nilipokuwa naacha kusoma.

Tarehe 4 Desemba

Mvua usiku na mchana. Sijakwenda kwenye jumuiya, nimesema nina mafua.

Tarehe 14 Desemba, siku ya posho, yaani Jumamosi

Rigobert, yule kijana wa pikipiki aliyetupeleka zahanati, amekufa kwa malaria. Miaka ishirini na minne. Kilio, yaani matanga, kimewekwa kwao, nyumba ya tatu kutoka kwetu, chini ya turubai la bluu linalovuja.

Kambo Mapalo alikuja kukaa na wamama kwenye mkeka. Niliona mara moja uso wake umewaka na anajilamba midomo, kama siku ile ya buji. Nikaelewa: huzuni ya kilio ilimnyima usingizi, akaenda kwenye lile kopo. Nilikuwa naomba tu akae kimya. Hakukaa. Wakati mama ya Rigobert analia mwanawe, Kambo alianza kucheka. Kicheko kidogo, cha kitoto. Kisha akageukia kiti kitupu akamkaribisha mtu aketi, akamsogezea sahani yake ya bugari, ugali wetu.

Kilio chote kilimgeukia. Nilisikia maji yanadondoka kutoka kwenye turubai. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema taratibu: “Alishamukula Rigobert, na sasa anamupakulia.”

Plamedie alimwinua mama mkwe wake kwa mkono akamtoa. Kulikuwa na matope na mzee alikuwa anateleza. Nilikuwa karibu zaidi kuliko mtu yeyote, na sikumshika mkono wa pili.

Tarehe 17 Desemba

Casimir amerudi kutoka mgodini. Leo ameita watu wachache uwanjani kwake: Mama Chileshe, kiongozi wa jumuiya yetu, wajomba wawili, Désiré na mimi. Kambo alikaa ndani. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo alisikia.

Casimir si mtu mbaya. Alikuwa hajanyoa, na alikuwa anatafuta njia ya kumtoa mama yake kwenye maneno ya watu. Alinigeukia akaniuliza kwa heshima, akiniita kwa jina la mwanangu mkubwa: “Mama Précieux, weye njo unajua bintu bya dawa. Ile unga ulimupatia mama, inaweza kumufanya vile?”

Njia ilikuwa mikononi mwangu. Wote walikuwa wananingoja. Mama Chileshe alikuwa ameweka mkono kwenye goti langu. Nikafikiri juu ya wamama kwenye bomba, juu ya beignets zangu ambazo watoto wa mtaa mzima wanakula, juu ya jina docteur. Nikasema: “Nilimupatia kidogo tu, ya bidole bibili. Hapana. Iko kintu ingine.”

Hakuna aliyeuliza kitu kingine ni nini. Kwetu hapa mtu akisema hivyo juu ya mama mzee, amekwisha kumwita mchawi. Casimir alitazama chini. Nikaona mabega yake yakishuka.

Njiani Désiré alisema nimejibu vizuri.

Tarehe 25 Desemba

Noeli. Nimepika purée bila muskade. Précieux, mwanangu mkubwa, ameuliza kwa nini haina ladha.

Tarehe 8 Januari

Wamemhamishia Kambo kwenye annexe, kile chumba cha nyuma cha kuwekea makala, yaani makaa. Wametoa makala, wameweka kitanda. Ana sahani yake, kikombe chake, mbabula yake, jiko la makaa. Wajukuu wamekatazwa kupokea chakula mkononi mwake. Kutoka dirishani kwangu naona mlango wa annexe, na yeye akikaa pale anaona dirisha langu. Nimeshona pazia.

Tarehe 11 Januari

Mvua.

Tarehe 12 Januari

Mvua. Annexe inavuja upande wa kaskazini, nasikia anasogeza kitanda.

Tarehe 20 Januari

Nilikuwa nimeamua kwamba mbaya wa jambo hili ni Plamedie. Ilinisaidia. Mkwe, mama mkwe, wimbo wa zamani. Leo nimeingia uwanjani kwao kurudisha sufuria, nikamkuta Plamedie anafua blanketi la Kambo, mikono ndani ya povu, analia kimya kimya bila kujifuta. Akaniambia kwamba anaogopa kwa ajili ya watoto, na anamwonea huruma mama, na hajui amwamini nani, maana hata mimi ninayejua dawa nimesema ni kitu kingine. Hata mimi. Niliacha sufuria juu ya ukuta nikaondoka bila kuaga.

Tarehe 2 Februari

Wameamua. Kambo atarudishwa Kilwa, kwa mdogo wake aliyebaki huko. Lakini barabara ya Kilwa wakati huu ni matope matupu, lori zinalala njiani wiki mbili. Casimir amesema watangoja mvua ikatike.

Kwa hiyo sasa naomba mvua. Mtu mzima, Mkristo, napiga magoti asubuhi naomba mvua iendelee, kwa sababu ikiendelea sihitaji kusema leo.

Tarehe 15 Februari

Mvua kubwa. Nilifurahi. Kisha nikasikia kitanda kikisogezwa.

Tarehe 3 Machi

Nimemwambia Désiré kila kitu. Nilidhani atakasirika. Alifunga mlango kwanza, kisha akasema: “Bataacha kukuya kununua. Na batasema weye njo mulozi. Nyamaza, mzee anaenda kwa bandugu yake, haiko kifo.” Siku zote nilimwona mume wangu kuwa mtu mpole. Leo nimeuona upole wake ulivyo, na nimeona kwamba ni mdogo wa woga wangu, wamezaliwa nyumba moja.

Tarehe 19 Machi

Siku tatu hakuna mvua. Barabara yetu imekauka juu.

Tarehe 27 Machi

Hakuna mvua. Kambo amekaa mlangoni anakunja nguo zake. Alinipungia mkono. Nilirudishia nusu, kama mtu anayefukuza nzi.

Tarehe 4 Aprili

Lori ni kesho. Jioni hii, kabla jua halijazama, nilikwenda nikamwita Casimir na Plamedie nje ya lango, nikasema. Nilisema kokwa nzima nzima, nilisema vikombe viwili, nilisema kopo, nilisema kwamba siku ile ya mkutano nilidanganya. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini maneno yalitoka yote.

Casimir hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekuja kuomba rafiki yake asichapwe. “Muskade? Ya ku beignets? Mama Précieux, batoto bote ba hapa banakula ku mukono yako, nani alishacheka mu kilio? Najua unamuonea mama huruma. Miye pia.” Plamedie alinishika bega akanisindikiza mpaka kwetu. Nimedanganya vizuri mno, sasa ukweli wangu hauna mahali pa kukaa.

Tarehe 8 Aprili

Leo ndipo nimeweza kushika kalamu. Naandika ya siku ya posho, tarehe 5.

Asubuhi niliamka kabla ya wote nikapika buji ile ile, na kokwa zile zile kwa hesabu, na sukari na karanga. Nilibeba sufuria nikaingia uwanjani kwa Casimir. Lori lilikuwa limesimama barabarani, watu na magunia juu. Kambo alikuwa amekwisha kuketi mbele karibu na dereva, valise moja, sanduku lake la nguo, miguuni. Nilisimama mahali ambapo wote wananiona, hata yeye, nikamwambia Casimir kwamba sitasema tena kitu, aangalie tu. Nikanywa kikombe cha kwanza. Nikanywa cha pili. Wamama wa jumuiya walikuwa wamekuja kuona mulozi anavyoondoka, basi wakaona na hili.

Kisha tukangoja. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho ningepaswa kukijua kuliko wote, kwamba kungumanga inachelewa.

Nilikaa kwenye kigoda. Saa moja, hakuna kitu. Nilikuwa najisikia mzima kabisa, mzima kwa aibu. Mtu mmoja alicheka. Dereva alipiga honi, akasema wakichelewa watakuta giza kabla ya mto. Nilimwomba Casimir awazuie kidogo. Aliniuliza mpaka lini. Alikwenda akamshika mama yake mkono kupitia dirishani. Lori likaondoka. Kambo alikuwa ananitazama mimi, hakuwa analia. Nilibaki kwenye kigoda na kikombe kitupu, na watu wakaanza kwenda majumbani kwao.

Yaliyofuata nasimulia nilivyosimuliwa na Désiré, maana mimi nina vipande tu. Baada ya adhuhuri uso wangu uliwaka. Niliomba maji, nikayamwaga, nikaomba tena. Nilimwambia Kiki awatoe paka ukutani, na hapakuwa na paka. Nilicheka, nikafungua kitambaa cha kichwa nikakitandika chini, nikamkaribisha marehemu mama yangu aketi, nikamwomba radhi kwa sababu sikuwa na kiti kizuri. Nakumbuka mama alikuwa na viatu vya Désiré. Wamama walirudi mmoja mmoja, wakajaa uwanja. Mama Chileshe alianza rozari akaiacha katikati.

Casimir hakutoka hapo mchana kutwa. Hakula. Désiré anasema kwamba nilipoanza kucheka, Casimir alikaa chini kwenye vumbi na nguo zake safi, akafunika uso kwa mikono miwili, na Plamedie akawa anasema maneno yale yale tu, tena na tena: “Tulimuweka mu nyumba ya makala. Tulimuweka mu nyumba ya makala.”

Siku mbili nimelala. Moyo ulikuwa unapiga mpaka nikafikiri utatoka. Hakuna aliyesema mimi ni mulozi. Walisema ni muskade. Ilikuwa rahisi hivyo.

Tarehe 10 Aprili

Hakuna mteja hata mmoja. Nimekaa na beseni la beignets mpaka zikapoa. Sikukasirika na mtu.

Tarehe 12 Aprili, siku ya posho

Lori limefika Kilwa juzi. Casimir alipata mtandao leo mchana, akaongea na mama yake muda mrefu, mimi nikisikia upande wangu wa ukuta. Alikuwa anamwomba arudi, anasema atakuja mwenyewe kumchukua. Aliniita akanipa simu juu ya ukuta. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema: “Anakataa. Anasema muskade ilikuwa ya siku mbili, na miezi ingine ilikuwa ya shiye, bantu ba nyumba yake.”

Nilikuwa nimejitayarishia maneno kwa wiki nzima. Nilisema, Kambo, ni Laurentine, na yote yakanitoka kichwani. Nikasema tu kwamba ni mimi, kwenye buji.

“Najua,” akasema. “Nilijua toka siku ya kwanza. Miye niko muzee, lakini ulimi yangu haiko muzee. Ile buji ilikuwa chungu chini ya sukari.”

Nikamuuliza kwa nini alikunywa. Akasema mtu akikuletea buji kwa mikono yake, unakunywa. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema, siku ile Casimir ananiuliza mimi na mlango uko wazi. Mtandao ulikuwa unakwenda na kurudi. Nilisikia watoto wakicheza karibu naye huko.

“Ningesema ni buji ya Mama Précieux, bangekukamata weye,” akasema. “Njo vile banafanya, nilishaona. Weye iko na batoto batatu. Miye nilikuwa na valise moja.”

Nilisema pole, Kambo, pole, sikuweza kusema neno lingine, nililisema kama mara kumi, nikilia mbele ya Casimir na mbele ya watoto.

“Aya, mutoto yangu, nyamaza,” akasema, taratibu, kama vile ni mimi niliyefukuzwa. “Nyamaza. Inapita.”